Jana Ulikuwa Gavana, Leo Hata Salamu Ni Kazi: Vile Miraa Inacheza na Mlango wa Ubongo Wako

Ukiwa Modogashe huhitaji mtu akuambie gari ya miraa imefika. Unasikia honi, unaona vumbi, halafu wamama wenye meza wanasimama wote mara moja. Mzee alikuwa amenyamaza tangu adhuhuri ghafla anapata sauti: "Abti, mzigo umekuja?" Dereva hana hata time ya chai. Anashusha magunia, anaingiza gia, na anaishika barabara ya Habaswein na Wajir kama mtu anafukuzwa.

Kinachomfukuza ni kemia.

Miraa haioti hapa. Hapa ni jua, ngamia na mbuzi. Modogashe imekaa pale Garissa, Isiolo na Wajir zinakaribia kugusana, na mzigo unatoka mbali, kwa milima ya Nyambene kule Meru, pande za Maua. Jani likivunwa lina kitu kinaitwa kathinoni. Hiyo ndiyo mwenyewe. Lakini kathinoni haina subira. Jani likianza kukauka inavunjika na kugeuka katini, ambayo ni ndugu yake mnyonge. Siku mbili hivi zikipita, umebaki na vijiti vya kutafuna tu. Ndio maana inafungwa kwa majani ya mgomba ikae na unyevu, ndio maana madereva wake wana sifa mbaya barabarani, na ndio maana kabla Uingereza iipige marufuku 2014 ilikuwa inapanda ndege moto moto kuenda London. (Na kwa taarifa yako, kilo ya miraa haijawahi kuona mizani. Ni jina la furushi tu.)

Hii kathinoni iligunduliwa rasmi 1975 na maabara ya Umoja wa Mataifa. Kabla ya hapo watu walikuwa wanadhani katini ndiyo inafanya kazi yote, juu majani yaliyokuwa yanafika maabara yalikuwa yamekauka. Wasee wa Maua wangewaambia bure kwamba miraa ya juzi si miraa.

Sasa, ikiingia kichwani inafanya nini? Uliza base yoyote utaambiwa "inaleta stimu." Hapo ndipo watu wanadanganyana. Miraa haikuletei stimu kutoka Maua. Stimu yenyewe ulikuwa nayo kichwani tangu uamke, imehifadhiwa vizuri na hesabu yake. Jani limekuja tu kuchezea mlango wa stoo.

Tulia kidogo nikueleze huu mlango, juu kila kitu kiko hapo.

Ubongo wa mtu una seli za neva, yaani nyuroni, karibu bilioni 86. Hizo seli zinaongea usiku na mchana lakini hazigusani. Kati ya moja na nyingine kuna kaufa kadogo, na hiyo sehemu ya makutano inaitwa sinapsi. Ufa wenyewe ni kama nanomita 20. Unene wa unywele mmoja wa kichwa chako ungetosha kupanga nyufa kama hizo elfu kadhaa. Ndani ya seli ujumbe unasafiri kwa umeme, lakini ukifika ukingoni huo umeme hauruki. Kwa hivyo seli inatuma kemikali ivuke. Kemikali imehifadhiwa kwa vifuko vidogo sana, kama maziwa ya ngamia kwenye vijerikeni vimepangwa karibu na mlango. Umeme ukifika, kalsiamu inaingia, vifuko vinafunguka, kemikali inamwagika kwa ufa, inavuka, inabisha hodi kwa seli ya pili. Ujumbe umefika. Kupepesa jicho ni polepole ukilinganisha.

Kuna kemikali nyingi za hii kazi. Zile zinatuhusu leo ni tatu: dopamini, noradrenalini na serotonini.

Swali ambalo watu hawaulizi ni hili: ile iliyomwagika inaenda wapi? Ikibaki pale kwa ufa, seli ya pili itaendelea kusikia hodi hata kama mgeni alishaenda zake. Ujumbe wa "simama" ungekuwa "simama, simama, simama" mpaka jioni. Lazima ufa usafishwe haraka ndio ujumbe mwingine upate nafasi.

Mtu amekulia mahali punda anatembea masaa kufuata maji hawezi kumwaga maji ya kuosha vyombo ovyo. Kuna mbuzi ananywa hayo. Seli nazo zina hiyo akili. Nyuroni iliyotuma dopamini inaifyonza tena, inairudisha ndani, inaijaza upya kwa vifuko, na kesho inaituma tena. Kidogo inavunjwa na vimeng'enya huko ndani, lakini sehemu kubwa inatumika mara ya pili, ya tatu, ya kumi. Kutengeneza mpya ni kazi na inachukua muda. Kuokota ile uliyomwaga ni rahisi.

Mlango wa kuirudishia ni protini imekaa kwa ukuta wa seli. Wataalamu wanauita transpota. Dopamini ina wake, noradrenalini ina wake, serotonini ina wake. Na nguvu ya kuusukuma inatoka kwa kitu cha kawaida kabisa: sodiamu, hii hii ya chumvi ya jikoni. Nje ya seli sodiamu imejaa, ndani ni kidogo, kwa hivyo inataka kuingia kwa nguvu. Ikiingia inamshika mtu mkono. Dopamini moja inaingia pamoja na sodiamu mbili na kloridi moja. Hivyo ndivyo seli inafagia uwanja wake.

Msee aliyeonyesha dunia hii stori aliitwa Julius Axelrod, Mmarekani mtoto wa wahamiaji, na maisha yake yanastahili muvi. Shule za udaktari zilimkataa. Chupa ya amonia ikamlipukia kwa maabara na jicho la kushoto likaenda. Shahada ya uzamivu aliipata akiwa ameshapita miaka 40. Wakati huo wanasayansi wengi waliamini kemikali zote za neva zinamalizwa kwa kuvunjwavunjwa, juu kuna moja iliyokuwa inajulikana vizuri, asetilikolini, na hiyo kweli inakatwa vipande papo hapo kwa ufa na kimeng'enya chake.

Hebu tusimame kwa asetilikolini dakika moja, juu wafugaji wanaijua bila kujua jina. Ndiyo inaamrisha misuli ikaze. Baadhi ya dawa za kupe, zile za jamii ya oganofosfeti, zinaua kupe kwa kufunga mikono hicho kimeng'enya cha kukata. Asetilikolini inarundikana, kupe anakufa. Sasa mtu akiogesha mbuzi bila glavu, upepo unamrudishia dawa usoni, au mtoto ameokota ile chupa, kinachompata ni kile kile: mate yanatiririka, machozi, jasho, kuharisha, misuli inarukaruka, kifua kinabana. Hiyo si "dawa imemchukiza." Hiyo ni dharura ya hospitali, mvue nguo zilizolowa, mwoshe kwa maji na sabuni, mkimbize, na beba hiyo chupa daktari asome kibandiko.

Turudi kwa Axelrod. Mwanzo yeye mwenyewe alikuwa upande wa vimeng'enya, hata aligundua kimoja kinachovunja noradrenalini. Shida ni kwamba ukikizuia, ujumbe bado unaisha kama kawaida. Kuna kitu kingine kilikuwa kinafagia. Miaka ya mwanzo ya 1960, yeye na wenzake wakachukua noradrenalini iliyotiwa alama ya mionzi, wakawadunga paka, wakafuata iende wapi. Ikaenda kujificha ndani ya neva zenyewe. Wakaondoa neva za upande mmoja wa kichwa cha paka, na upande huo ukaacha kuifyonza, ule mwingine ukaendelea. Halafu wakajaribu kokeini, na kokeini ikafunga hiyo njia. Dawa ya sonona iliyokuwa inatumika wakati huo, imipramini, nayo vile vile. Mwaka wa 1970 Axelrod akapewa Nobel pamoja na Ulf von Euler wa Sweden na Bernard Katz wa Uingereza.

Sasa umeshapata picha, twende kwa jaba.

Kokeini inafanya kazi kama mtu ameweka jiwe mlangoni. Dopamini ikishatoka hairudi, inazidi kurundikana nje. Kathinoni ni mjanja zaidi. Umbo lake linakaribiana na amfetamini, na pia linafanana na dopamini kiasi kwamba mlango unaifungulia, unadhani ni mtoto wa nyumbani. Ikishaingia inageuza kazi. Pampu iliyokuwa inavuta ndani inaanza kumwaga nje. Fikiria pampu ya kisima cha Modogashe, mtu amebadilisha waya usiku, na badala ya kujaza tangi inalimwaga tangi uwanjani. Ng'ombe watafurahi leo.

Cha muhimu ni kwamba hii dopamini inatoka bila umeme kuamrisha. Hakuna habari yoyote njema iliyotokea. Hujapata kazi, hujapokea doh, msupa hajajibu meseji. Lakini ubongo unasikia hodi nyingi na unaamini kuna jambo. Kazi ya dopamini si raha peke yake kama mtandao unavyosema, kazi yake kubwa ni kukuambia "hii ni muhimu, endelea nayo." Ndio maana kwa base kila wazo linaonekana la maana. Saa mbili hivi baada ya kuanza kuchana, kathinoni iko karibu na kilele kwa damu, na hapo ndipo unapata mbogi ya watu watano wasio na nauli wamejenga ghorofa Eastleigh, wamechimba visima vitatu na kumaliza siasa za mpaka wa Isiolo na Garissa. Wakenya tulipata jina zuri sana la hiyo: stori za jaba. Wenyewe wanaiita handas. Kwa Kisomali ni mirqaan.

Noradrenalini nayo haibaki nyuma, mlango wake unapinduliwa vile vile. Moyo unaongeza mbio, presha inapanda, mdomo unakauka, njaa inatoroka, choo kinagoma. Kijana wa miaka 20 hatahisi kitu. Baba yake mwenye presha ni hadithi nyingine. Utafiti wa Yemen uliochapishwa 2005 ulikuta wachanaji wazito wamo hatarini zaidi ya kupata mshtuko wa moyo kuliko wasiochana.

Na wale wanaochana ndio waendeshe usiku kucha, sikizeni hii. Usingizi unasukumwa na kitu kingine kabisa, adenosini, ambayo inajikusanya kichwani kila saa uko macho. Chai kali au Coke unayoteremshia miraa inaifunika hiyo adenosini kwa masaa machache, haiiondoi. Kathinoni nayo haiigusi, inapiga kelele tu juu yake. Deni la usingizi linaendelea kuandikwa kwa kitabu. Handas ikishuka ghafla, huko katikati ya Garba Tula na Modogashe ambako barabara ni mstari na hakuna cha kutazama, deni lote linadaiwa kwa dakika moja.

Haya, asubuhi imefika. Jana ulikuwa gavana, leo mtu akikusalimu unahisi amekukosea. Kwa nini?

Kuna panya walisaidia sana kwa hili swali. Mwaka wa 1996 watafiti wa Marekani walichapisha habari za panya waliozaliwa bila mlango wa dopamini kabisa. Dopamini ikimwagika kwa hao panya inakaa kwa ufa angalau mara 100 zaidi ya kawaida, na wao wanakimbia kimbia bila kupumzika. Ungedhani basi wana dopamini ya kumwaga. Lakini walipopima stoo, yaani ile iliyohifadhiwa ndani ya seli, ilikuwa imeshuka hadi kama sehemu moja kwa 20. Bila kufyonzwa tena, stoo haijai. Nje kumejaa, ndani ni msoto.

Wewe si panya na mlango wako bado upo, kathinoni ikiisha unarudi kazini. Hata hivyo hesabu ni ile ile: iliyomwagwa jana usiku ilitoka kwa stoo yako. Seli za upande wa pili nazo, zikipigiwa kelele kila siku, zinapunguza masikio, kwa hivyo ujumbe wa kawaida unasikika kama mnong'ono. Ongeza usiku bila usingizi na tumbo bila chakula. Ukiweka yote pamoja unapata ule mwili mzito, hasira za bure, na akili inayosema dawa ya hii ni kungoja gari ya leo. Wengi wetu tunaita hiyo uvivu wa wanaume wa mji fulani. Mimi naona ni kukosea kwa makusudi, juu tunaona mtu akiwa chini saa nne asubuhi na hatumuulizi alikuwa wapi saa nne usiku.

Kuna hatari kubwa zaidi na haipendi kutajwa. Utafiti uliofanywa Hargeisa na kuchapishwa 2005 ulilinganisha watu wenye maradhi mazito ya akili, wale wanaosikia sauti na kuhisi wanafuatwa, na watu wazima kiakili. Wagonjwa walikuwa wameanza kuchana wakiwa wadogo zaidi na walikuwa wanachana zaidi. Hiyo haithibitishi kwamba jani ndilo lilianzisha, juu mtu anayeanza kuugua anaweza pia kukimbilia jani. Lakini kama nyumbani kuna kijana ambaye akichana anaanza kusema majirani wanamrekodi, huyo si wa kuchekwa kwa base na si wa kufungwa kamba. Huyo hiyo miraa si yake kabisa, na anafaa kuonwa na daktari.

Mwaka wa 2024 tuliona Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zikipiga marufuku muguka, ambayo ni mmea huo huo wa familia ya miraa unaotoka Embu, na korti ikasimamisha amri. Serikali na wakulima waendelee kuvutana. Stori ya ubongo haingoji jaji.

Sasa nikufikishe kwa sehemu iliyonifanya niandike hii kitu. Kuna maneno yanazunguka huku kwetu, ati dawa za sonona ni "miraa ya wazungu," ati zote zinacheza na ubongo kwa hivyo bora uchane tu, angalau unajua imetoka wapi. Mtu anaandikiwa fluoksetini hospitali, anaimeza siku nne, haoni handas, anaitupa.

Ni kweli dawa hizo zinahusika na mlango. Fluoksetini, ambayo iko kwa orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani na iliruhusiwa Marekani 1987, inauzuia mlango wa serotonini. Lakini angalia tofauti. Haiugeuzi. Inaufunga kiasi, na haimwagi stoo. Mlango wenyewe si wa dopamini, kwa hivyo hakuna ugavana. Na ingawa mlango unazuiwa ndani ya siku ya kwanza, mtu huanza kupata nafuu baada ya wiki mbili, nne, wakati mwingine sita, juu nafuu inatokana na ubongo kujipanga upya taratibu. Ile stori rahisi ya "serotonini imepungua, ongeza" wanasayansi wenyewe wanaikubali siku hizi kuwa ilikuwa rahisi mno. Inasaidia wengi, haisaidii wote. Ukiimeza siku nne ukangoja stimu, unangoja gari kwa stage isiyo yake.

Wiki za mwanzo zinahitaji macho ya watu wa nyumbani, hasa kwa vijana chini ya miaka 25, juu kuna wanaopata mawazo ya kujidhuru kabla nafuu ifike. Hooyo akiona mtoto amebadilika, arudi naye hospitali siku hiyo hiyo, asingoje tarehe ya kadi. Na usiziache ghafla ukihisi uko fiti. Zinapunguzwa polepole na aliyekuandikia.

Kitu cha mwisho kinahusu kuchanganya. Tramadoli, zile tembe za maumivu zinazouzwa kimagendo kwa vijana, nazo zinagusa mlango wa serotonini. Ukizibeba pamoja na fluoksetini, serotonini inaweza kujaa kupita kiasi: joto la mwili, mitetemeko, misuli kukakamaa, kuchanganyikiwa, na watu wamekufa na hiyo. Miraa juu ya dawa za sonona nayo inaongeza mzigo kwa moyo na presha. Daktari hawezi kuhesabu kitu hajaambiwa. Kwa hivyo ukiulizwa "unatumia kitu kingine?" na wewe unachana kila siku, usiseme "hapana" juu mama yako amekaa kando. Mwombe atoke nje kidogo, halafu sema unachana kiasi gani, tangu lini, na unateremshia na nini.